Amenaswa kwenye mtego wa apu, sasa wanamdai pesa la sivyo wamwanike: aende polisi au asiende?

MkaaLikoni

Salaam ndugu zangu. Swali hili huwafikia mara kwa mara wanaotoa usaidizi wa kisheria huku Pwani na Nairobi, na majibu yanayozagaa mitandaoni mengi ni nusunusu. Nimeliandika kwa namna ya jumla ili lisimguse mtu yeyote.

Mpango wa hawa matapeli haubadiliki sana. Kijana shoga anaongea na mtu kwenye apu au Facebook, maongezi matamu ya siku kadhaa, kisha anaalikwa nyumbani kwa mwenyeji. Akishakaa, mlango unagongwa, wanaingia wanaume watatu au wanne. Mmoja anajiita askari, mwingine jirani mwenye hasira. Simu inanyakuliwa, anapigwa mpaka ataje namba ya siri, salio la M-Pesa linahamishwa, Fuliza (mkopo wa papo hapo wa M-Pesa) inakombwa hadi mwisho wa kiwango. Halafu wanamrekodi akilazimishwa kutaja jina lake na kusema anapenda wanaume. Kesho yake ujumbe unaingia: tuma elfu kumi au video inakwenda kwa mamako na kazini.

Nina maswali matatu. Alipe au asilipe? Anaripotije bila kujifunga mwenyewe, maana sheria ya Kenya bado inaharamisha tendo lenyewe? Na kama mwenye nyumba keshapata fununu na anamwambia ahame ndani ya siku tatu, ana kinga gani? Naomba hatua na vifungu. Mahubiri na matusi tuyaache mlangoni.

FundiLaini

Nianze na saa ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo pesa na ushahidi hupotea.

Kama simu imebaki mikononi mwa wezi, cha kwanza ni laini, kabla ya kitu kingine chochote. Aombe simu ya mtu, apige 100 ya Safaricom, aseme laini imeibwa, waifunge pamoja na M-Pesa. Kwa nini laini kwanza: laini iliyo hai hupokea misimbo ya kufungulia WhatsApp, barua pepe na benki. Mwenye laini yako ndiye wewe. Baada ya hapo aende na kitambulisho cha taifa kwenye duka la kampuni arudishiwe namba ileile kwenye laini mpya, aiweke kwenye simu yoyote, asajili WhatsApp upya. Akimaliza, WhatsApp ya simu iliyoibwa inajifunga yenyewe. Shida moja: ikiwa wezi wamewahi kuweka namba ya siri ya hatua ya pili, atasubiri siku 7. Ndiyo maana wote wanaosoma hapa waiweke hiyo namba leo, kabla hakujaharibika.

Barua pepe ifuate: abadilishe neno la siri na aondoe vifaa vyote vilivyoingia. Kufuta simu kwa mbali asikimbilie. Aifunge tu. Akiifuta kabla hajajua kama maongezi yamehifadhiwa mahali pengine, anajifutia ushahidi wake mwenyewe.

Pesa. Ujumbe wa M-Pesa wa muamala ukituma kwenda 456, ombi la kurudisha linafunguliwa. Lakini pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha, na hawa watu hutoa ndani ya dakika chache. Hata hivyo atume, kwa sababu ombi lenyewe linabaki kama kumbukumbu ya siku na saa aliyolalamika. Kisha aombe taarifa ya M-Pesa ya siku ile. Pale linaonekana jina lililosajiliwa kwenye laini iliyopokea. Mara nyingi ni kitambulisho cha mtu mwingine, lakini mpelelezi anaanzia hapo, na wakala aliyetoa pesa naye ana daftari lake.

Fuliza: kama hana deni, *234# inamruhusu kujiondoa kabisa. Anayekwenda kuonana na mtu asiyemjua afanye hivyo mapema. Mwizi hawezi kukopa kwa jina lako kwenye huduma ambayo haipo.

Sasa kulipa. Asilipe. Malipo hayanunui video. Yanamwambia yule mtu kwamba bei yake imekubaliwa, na wiki ijayo bei inapanda. Nimeona... hapana, nisiende huko. Niseme tu cha kufanya: asimtukane, na asimfungie saa ileile. Amwachie aandike. Ajibu mara moja kwa utulivu: "Unataka shilingi ngapi, na nisipotuma utafanya nini?" Jibu la swali hilo, likiwa na namba ya simu juu, kiasi, tishio na saa, ndiyo kesi yenyewe. Apige picha za skrini zinazoonyesha namba badala ya jina alilolihifadhi, kisha ahamishe mazungumzo yote ya WhatsApp kwenda kwenye barua pepe. Akimaliza hapo ndipo amfungie.

WakiliWaMtaa

Ndugu FundiLaini umesema vyema kuhusu lile swali moja. Nieleze kwa nini lina uzito kisheria.

Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo "kinyume na maumbile", kifungo hadi miaka 14. Cha 165 kinahusu vitendo baina ya wanaume, hadi miaka 5. Mahakama Kuu iliombwa ivifute, na tarehe 24 Mei 2019 ilikataa. Kwa hiyo hofu ya vijana si ya kufikirika, na asiwepo mtu wa kuwaambia "nenda tu, hakuna shida". Lakini angalia kinachoadhibiwa: tendo, ambalo lazima lithibitishwe. Kuwa shoga si kosa popote katika sheria ya Kenya. Tapeli anaishi kwa kuchanganya hayo mawili kichwani mwa mwathiriwa. Anamwambia ukinishtaki unajishtaki.

Huyu anayedai pesa naye ana vifungu vyake. Cha 300 ni kutishia kumshtaki mtu kwa kosa ili kupata mali, cha 302 ni kudai mali kwa vitisho. Akisambaza video au picha za faragha, Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 ina kifungu cha 37: faini hadi shilingi 200,000, au miaka 2, au vyote. Kifungu cha 27 cha sheria hiyohiyo, unyanyasaji wa mtandaoni, kinafika faini ya milioni 20 au miaka 10. Kumpiga na kumpora ni wizi wa kutumia nguvu, na wakiwa zaidi ya mmoja uzito wake unaongezeka mno.

Kwa hiyo taarifa ya polisi inahusu wao. Mfano wa maneno: "Tarehe fulani, saa fulani, nikiwa nyumba fulani mtaa fulani, wanaume wanne niliowaeleza hapa chini walinishika, wakanipiga, wakachukua simu yangu aina hii, wakahamisha shilingi kadhaa kwenda namba hii. Kesho yake namba hii ilinitumia ujumbe ikidai shilingi elfu kumi ikitishia kunichafulia jina." Inatosha. Akiulizwa ulikwenda kufanya nini, "nilialikwa na mtu tuliyefahamiana mtandaoni" ni kweli na ni jibu kamili. Asitunge hadithi. Kumpa askari habari za uongo ni kosa jipya, na hadithi ikivunjika kesi nzuri inakufa nayo. Kunyamaza kuhusu maisha yake ya ndani si uongo. Ibara ya 49 ya Katiba inamlinda mtu aliyekamatwa asilazimishwe kukiri, inampa haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24.

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kifungu cha 165 kinagusa pia kujaribu kumshawishi mwanamume mwingine. Maongezi ya apu yenye mialiko ya wazi yanaweza kusomwa hivyo na askari mwenye nia mbaya. Kwa hiyo asimkabidhi askari simu iliyofunguliwa. Apeleke kurasa zilizochapishwa za vitisho na miamala tu. Wakitaka simu nzima, aombe kwa upole amri ya mahakama na ampigie wakili pale pale. Wakati wa kesi, ushahidi wa kielektroniki utahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: nani alizichapisha, kutoka kifaa gani, lini. Ayaandike hayo siku ileile kabla hajasahau.

Na ile video ya "kukiri" iliyorekodiwa na wahuni: si ungamo kisheria. Kifungu cha 25A kinataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Sebule yenye wanaume wanne na rungu haikaribii hapo. Mwelezeni kijana jambo hili mapema kabisa, kwa sababu video ndiyo inayomlaza macho.

Asiende kituoni peke yake. Msaidizi wa kisheria au wakili aende naye, asubuhi siku ya kazi, si Ijumaa jioni. Ijumaa jioni ukiwekwa ndani unalala hadi Jumatatu. Asitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Akikataliwa, aandike jina na namba ya huduma ya askari na kituo, aende ofisi ya upelelezi ya eneo jingine, na malalamiko yapelekwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi. Askari akishiriki mtego wenyewe, jambo linalotokea, IPOA ndiko pa kwanza, si kituo chake. Wakimgeuzia kibao na kumkamata, bondi ya polisi haina malipo. Na kumpima sehemu za haja kubwa kwa nguvu ili "kuthibitisha" ni haramu. Mahakama ya Rufani ya Mombasa ilisema hivyo Machi 2018, katika kesi ya wanaume wawili waliokamatwa Ukunda mwaka 2015.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Mashoga na Wasagaji, NGLHRC, hutoa mawakili katika kesi za aina hii. Mahakama ya Juu ilithibitisha haki yake ya kusajiliwa tarehe 24 Februari 2023, majaji 3 kwa 2, kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba ni kundi la kichochoroni.

MuuguziKata

Nashukuru wakili, ila kuna jambo limerukwa na haliwezi kungoja OB.

Katika mitego hii baadhi ya vijana hubakwa, kisha wanasema "niliibiwa tu". Aibu inawanyamazisha na saa zinakwenda. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV baada ya tukio, PEP, lazima zianze ndani ya saa 72. Kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofanya kazi, kwa hiyo saa 2 ni bora kuliko saa 20. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Kinachoharibu ni mtu kuacha siku ya 8 au ya 10 kwa sababu ya kichefuchefu. Ameze pamoja na chakula, na kichefuchefu kikizidi arudi abadilishiwe. Asiache.

Mapokezini hahitaji kueleza maisha yake mbele ya foleni. "Nimeshambuliwa, nahitaji PEP na fomu ya PRC." Fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, hujazwa hospitalini na ndiyo inayobeba matokeo ya uchunguzi. P3 ni ya polisi na hujazwa baadaye. PRC ijazwe hata kama hajaamua kushtaki. Akiamua baada ya miezi mitatu bila fomu hiyo, hana kitu mkononi.

Asioge kabla ya kuchunguzwa kama anaweza kustahimili. Nguo alizovaa azitie kwenye mfuko wa karatasi, ule wa kaki wa dukani, kila nguo mfuko wake. Mfuko wa plastiki unafungia unyevunyevu, ukungu unaota na ushahidi unaoza. Atachunguzwa pia homa ya ini aina ya B na magonjwa ya zinaa, na akiwa na majeraha apewe sindano ya pepopunda. Uchunguzi huu ni wa ridhaa yake, hatua kwa hatua, na anaweza kusema "hapa basi".

Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haichagui jinsia ya aliyebakwa. Mhudumu akisema mwanamume habakwi, amekosea, na msindikizaji aombe msimamizi wa zamu. Simu ya bure ya 1195 inaweza kuelekeza kituo kilicho karibu. Mombasa na Nairobi kuna kliniki zinazohudumia wanaume hawa bila kejeli, na mashirika ya huko yanazijua kwa majina.

BibiMtaa

Kwa nini msianze na chifu au wazee wa nyumba kumi? Mambo mengi ya mtaa huishia hapo bila korti.

NyumbaNaHaki

Bibi, shikamoo. Kwa mzozo wa mpaka wa shamba, sawa. Kwa hili, baraza la chifu lina watu ishirini wanaosikiliza na hakuna hata mmoja aliyeapa kutunza siri. Kijana anaingia akiwa na adui wanne, anatoka mtaa mzima unajua. Wazee wenye busara wapo, lakini busara yao haizibi masikio ya waliokaa nyuma.

Sasa mwenye nyumba. Mpangaji wa kulipa kila mwezi, hata bila mkataba wa maandishi, ana haki ya notisi isiyopungua mwezi mmoja. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inasema notisi isiwe fupi kuliko kipindi cha upangaji. Siku tatu si notisi. Kubadilisha kufuli, kung'oa mlango au paa, kukata maji na umeme ili atoke, hakuna kati ya hayo kinachoruhusiwa bila amri ya mahakama. Ushahidi wa upangaji ni zile jumbe za M-Pesa za kodi. Akusanye za miezi sita.

Katiba, Ibara ya 27, inakataza ubaguzi na orodha yake imeachwa wazi, lakini hakuna sheria ya nyumba inayotaja mashoga kwa jina. Kwa hiyo hoja yenye nguvu katika barua si "unanibagua". Ni "hujanipa notisi na unashikilia amana yangu". Hoja kavu inashinda haraka.

Hata hivyo mimi simshauri kila mtu apigane abaki. Kuna tofauti ya mwenye nyumba anayenung'unika na vijana wa mtaa wanaokusanyika getini. Ukiona la pili, toka kwanza, sheria itakungoja. Mkoba uwe tayari: kitambulisho, vyeti vya shule, dawa za mwezi mzima kama anameza ARV au PrEP (dawa za kujikinga na HIV), chaja, pesa taslimu kidogo. Vyombo vinaweza kufuatwa mchana na msaidizi wa kisheria na askari mmoja. Kwa anayeweza kukaa, aandike ujumbe mfupi wa kirafiki: anakubali kuondoka mwisho wa mwezi, na amana irudishwe kwa M-Pesa siku ya kukabidhi funguo. Wenye nyumba wengi hukubali hilo, maana wanachotaka ni chumba, si kesi.

KimyaDar

Ninaomba wanaosoma kutoka Tanzania wasinakili ushauri huu kama ulivyo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinaanzia miaka 30 na kufika maisha, hatuna ule uamuzi wa Rufani ya Mombasa, wala hatuna mashirika yaliyosajiliwa ya kuingia nawe kituoni. Ya FundiLaini na ya Muuguzi yanafaa huku pia. Kuhusu kituo cha polisi, wakili kwanza, faragha, kabla ya neno moja kwa askari. Uganda vilevile: sheria ya 2023 ipo, ingawa Mahakama ya Katiba mwezi Aprili 2024 ilifuta wajibu wa kumripoti mtu pamoja na vifungu vilivyowabana wenye nyumba na majengo. Mwenye nyumba wa Kampala anayesema sheria inamlazimisha kumfukuza mpangaji hasemi kweli tena.

MkaaLikoni

Asanteni sana, nimeyanakili yote. Mawili yamebaki. Video ikiwa tayari imesambazwa kwenye kundi la Telegram na Facebook? Na mwajiri akiiona akamwita ofisini?

FundiLaini

Facebook na Instagram: aripoti kila chapisho kama picha ya faragha iliyowekwa bila ridhaa, si kama "chuki" tu, maana foleni ya faragha hushughulikiwa tofauti. Kama ana nakala ya video na ina utupu, atumie StopNCII.org. Tovuti hiyo hutengeneza alama ya kidijitali ya faili ndani ya simu yake mwenyewe. Video haiondoki kwenye simu, ni alama tu inayopelekwa kwa mitandao iliyojiunga ili izuie faili hilohilo likipakiwa. Ni kwa wenye miaka 18 na zaidi. Video ya uso na maneno tu bila utupu haiingii huko. Hiyo iripotiwe kama unyanyasaji na vitisho, kila kiungo peke yake. Kabla ya kuripoti, picha ya skrini yenye anwani kamili ya chapisho na jina la akaunti. Likishaondolewa hutalipata tena.

Amwambie mtu mmoja wa familia anayemwamini kabla video haijafika. Dada, shangazi, yeyote. Mtu huyo ndiye atakayepokea simu za ukoo wakati yeye hawezi.

WakiliWaMtaa

Kazini: asiandike barua ya kujiuzulu, hata akishinikizwa kwa ahadi ya "kuondoka kwa heshima". Aliyejiuzulu ana kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba alifukuzwa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kina orodha ya misingi ya ubaguzi na mwelekeo wa kimapenzi haumo, kwa hiyo tegemeo ni utaratibu. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze kosa kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na kusikiliza utetezi. Kifungu cha 43 kinamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu. Video iliyopigwa kwa kipigo nyumbani kwa mtu, nje ya saa za kazi, si sababu nyepesi kuithibitisha kama kosa la kazini.

Katika kikao aseme: mimi ni mwathiriwa wa uhalifu, namba ya OB ni hii, naomba maswali yenu kwa maandishi. Halafu anyamaze. Kama idara ya wafanyakazi inaisambaza video ofisini, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu mwelekeo wa kimapenzi kuwa data nyeti, na malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Data. Akifukuzwa, ana miaka 3 ya kufungua kesi, na fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12. Atunze hati zake za mshahara nje ya kompyuta ya ofisi, kuanzia leo.